Aliyetunzwa Arushe Jiwe la Kwanza

Katika mji ule mawe yalioshwa kwanza, ndipo yakampiga mtu. Yalisuguliwa kwa dodoki na maji ya majivu, yakasuuzwa, yakaanikwa juu ya ungo kama dagaa, na yaliyokauka yakapangwa kapuni, makubwa chini, madogo juu, ili kikapu kisielemee upande. Kazi hiyo ilikuwa ya Gaudensia, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili na tumbo lililokwisha kushuka, likingoja siku yake. Gaudensia huyohuyo ndiye aliyempelekea Yunisi chakula, akamwogesha, akamchana nywele, akamlaza. Yunisi hakuwa mtu wa kujifanyia mambo. Yunisi alikuwa yule asiye na dhambi.

Msidhani alizaliwa hivyo. Alitunzwa. Wazee wa mji, katika zamani ambayo hakuna ajuaye kama ilikuwa juzi au kabla ya mababu, walisoma katika Kitabu habari za mwanamke aliyeletwa apigwe mawe, na jinsi ilivyosemwa pale kwamba wa kwanza kurusha awe yule asiye na dhambi. Watu wengine wangesoma hapo wakaweka mawe chini, wakaenda zao nyumbani kupika. Wazee wale hawakwenda nyumbani. Walikaa wakawaza, wakawaza tena, mpaka mmoja wao akapiga paja lake akasema, kumbe tunachokosa ni mtu tu. Tukimpata mmoja asiye na dhambi, shughuli itaendelea. Ndipo walipojenga nyumba ya chokaa katikati ya mji, wakamweka mtoto ndani yake.

Nyumba ile haikuwa na kioo, asije akajiona mzuri. Chakula chake hakikutiwa chumvi, asije akawa mlafi. Gauni lake halikuwa na mfuko, asije akaficha kitu. Majogoo na mbuzi wa jirani walihamishwa kwa sababu ambazo Gaudensia alizieleza kwa kucheka na Yunisi hakuzielewa. Alilala chali, mikono juu ya blanketi, na kila asubuhi alisuguliwa ulimi kwa jivu hata kama jana yake hakusema neno. Mchana aliwekewa vibuyu juu ya ukuta wa ua naye akavirushia mawe, maana mkono usipofanyishwa kazi hulegea. Alikuwa hakosei. Kibuyu kilipasuka, mbegu zikamwagika, Gaudensia akazifagia huku akinung'unika kwamba vibuyu vya mji vinakwisha watu watachotea maji kofia. Mkono wa kulia wa Yunisi ulinenepa kuliko wa kushoto, hata mabega yake yakawa kama mizani yenye kitu upande mmoja.

Mlangoni, kwenye chokaa, palikuwa na alama za viganja. Viganja vya kulia vitupu, vingi, kimoja juu ya kingine. Vilikuwa vya wale waliomtangulia, aliambiwa. Lakini kila alipoweka kiganja chake juu ya kimoja, kilimkaa sawasawa, kidole kwa kidole, hata kovu dogo la kidole gumba. Akajaribu cha chini yake, kikamkaa. Akajaribu cha chini kabisa, kilichokwisha kufifia, nacho kikamkaa. Hakujua basi kama walikuwapo wengine, au kama ni yeye tu aliyekuwa akiingia nyumba hiyo, akizeeka, akitoka, akiingia tena mtoto.

Alikwisha kurusha mara nyingi. Aliletwa uwanjani akiwa amevaa nyeupe, akapewa jiwe, akaonyeshwa mtu. Alirusha. Papo hapo wanawake walimgeuza, wakamfunika shuka kichwani, wakamrudisha ndani, asione hata tone. Lakini shuka halizibi masikio. Nyuma yake alisikia kwanza kama mtu anayekung'uta mkeka. Halafu kama kinu kinachotwangwa na wengi. Halafu kama kinu kilichoishiwa nafaka, mchi unagonga mti mtupu. Sauti hiyo ya mwisho hakuipenda, ila hakusema anaichukia, kwa kuwa kuchukia kulikatazwa.

"Jiwe lako ni mlango, binti," alimwambia Onesfori, Msomaji wa mji, mzee mwenye vidole virefu vilivyokunjamana nchani kama vya mfuaji. "Sisi wengine ni upepo tu upitao mlangoni."

Naye Yunisi akaenda kulala na neno hilo, mikono juu ya blanketi, akawaza.

*Jiwe ni zito. Jiwe ni zito mpaka liondoke mkononi. Likiondoka, uzito wake unakwenda wapi? Hewani haukai, hewa haishiki kitu. Kwa yule mtu haufiki wote, nimeona mara nyingine anasimama bado. Labda unarudi. Labda ndiyo maana mkono huu umenenepa.*

Sasa Kitabu chenyewe. Kilikaa uwanjani juu ya meza ya mninga, meza nene yenye miguu kama mapaja ya ng'ombe, ambayo tangu iwekwe haijapata kuinuliwa. Shauri likiletwa, Onesfori aliweka kidole kwenye maandishi akakitembeza. Kama shauri limo, kidole kilisimama, na watu wakajua la kufanya. Kama halimo, kidole kilitembea mpaka kikatoka nje ya maandishi, kikafika kwenye weupe wa pembeni, kikatulia hapo. Na ajabu ya mji ule ni kwamba katika Kitabu chao maandishi yalikuwa bado safi kabisa, bali kando za kurasa zilikuwa nyeusi kwa jasho la vidole. Hapo Onesfori alifumba macho, akasema, Kitabu kimenyamaza. Na anayenyamaza amekubali. Watu wakaitika amina, wakainama kapuni.

Ndivyo alivyokufa mtu aliyecheka msibani. Ndivyo alivyokufa yule aliyepandikiza chungwa juu ya mlimau, na mkewe aliyelila. Ndivyo alivyokufa kijana aliyeota ndoto mbaya akaisimulia, na mwaka mwingine, au siku ileile, yule aliyeota akakataa kusimulia.

Ndipo lilipokuja shauri la Bibi Tekla.

Bibi Tekla alikuwa mkunga, na mji mzima hakukuwa na mwingine. Kila kichwa kilichotembea katika mitaa ile kilipita kwanza mikononi mwake. Aliitwa kwa Oliva, mke wa Ladislaus mchoma matofali. Mtoto alikuwa amelala upande tumboni, na jua lilizama na kuchomoza bila kumshauri mtu, naye Oliva bado analia, halafu halii tena. Hapo mkunga akafika kwenye njia panda ambayo kila mkunga huomba asiifikie: mmoja anaweza kutoka hai chumbani humu, na wawili hawawezi. Alipofungua mlango, Oliva alikuwa anapumua. Mtoto, naye alikuwa wa kiume, alikuwa ndani ya beseni, amefunikwa khanga.

Ladislaus alikuwa amemngoja mtoto wa kiume kwa miaka. Hakulia. Alimkamata Tekla mikono, akailaza juu ya ukingo wa kinu, akachukua mchi, akavitwanga vidole vyake kimoja kimoja, hadharani, na watu waliokuwa wamekuja kumpa pole walisimama wakahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Vilivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Walipofika cha mwisho mmoja wa watazamaji akasema kwamba mama ndiye alipaswa kuokolewa na mkunga hana kosa. Mwingine akasema mtoto ndiye. Wa kwanza akamkamata wa pili masikio, akaling'ata moja likabaki mdomoni. Kabla ya magharibi mji ulikuwa umegawanyika, mtaa wa juu wakisema mama, wa chini wakisema mtoto, nyumba zikiwaka pande zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na aya. Maana hakukuwa na aya. Onesfori alikitembeza kidole chake siku nzima. Kilitoka pembeni mwa ukurasa, kikaanguka mezani.

"Kimenyamaza," akasema.

Na kwa kuwa mtaa wa juu na wa chini wasingeweza kukubaliana nani alipaswa kuishi, walikubaliana nani afe.

Mji ule ulikuwa na desturi moja zaidi, ambayo waliiona nzuri kuliko zote. Kitabu husema mtu asilete sadaka yake madhabahuni huku ana neno na ndugu yake, aende kwanza wapatane. Basi kabla ya jiwe, asiye na dhambi alipatana na mtu wake. Walikalishwa mkeka mmoja, wakala chakula kimoja, wakaambiana sina neno nawe. Baada ya hapo jiwe lilitoka mkononi safi, bila chuki hata chembe.

Tekla aliletwa nyumba ya chokaa Jumanne asubuhi. Hukumu nayo ilikuwa Jumanne asubuhi, ileile, kwa kuwa jua lilikuwa limesimama juu ya paa likingoja Onesfori aliambie liendelee. Mikono yake ilikuwa imefungwa matambara, imevimba kama mikate. Alikaa chini kwa shida, akanyoosha miguu, akatazama kuta.

"Sina neno nawe, bibi," Yunisi akasema, kama alivyofundishwa.

"Nami sina neno nawe, mjukuu wangu. Nina njaa tu."

Gaudensia alileta ugali na kunde. Aliviweka chini polepole, akashika kiuno, akasimama kidogo huku ameuma mdomo. Tekla akamtazama tumbo, akamuuliza uchungu umemwanza lini. Gaudensia akasema ni gesi, alikula maharage ya jana. Tekla akasema aha, gesi, na gesi hiyo itaanza kunyonya lini. Gaudensia akacheka, kisha akaacha kucheka, akatoka akasimama nyuma ya mlango pale penye viganja, wala hakwenda mbali.

Hapo likatokea jambo ambalo desturi haikulifikiria. Tekla hakuweza kushika tonge. Aliutazama ugali, kisha akaitazama mikono yake. Yunisi hakuwa amepata kumlisha mtu. Yeye ndiye aliyelishwa siku zote. Akamega, akafinyanga kidogo, akachovya, akapeleka.

"Tonge hili la nani?" Tekla akauliza akiwa amelimeza. "La kifaranga? Mega la mtu mzima, mwanangu, nakwenda kufa."

Akamega kubwa. Mkunga akala, akakodolea macho mkono uliokuwa ukimlisha, ule wa kulia, mnene. Akasema mkono huo anaufahamu. Yunisi akajibu kwamba mji mzima unaufahamu. Tekla akatikisa kichwa: yeye aliufahamu kabla ya mji, kabla hata ya huyo mwenyewe. Yunisi tumboni alikuwa amelala upande kama yule wa Oliva, na kilichotangulia kutoka kilikuwa mkono, mkono wa kulia, mdogo kama kijiko, ukapapasa hewani, ukakishika kidole chake.

Yunisi akaacha kumega. Hakuwa amepata kuambiwa kwamba alikuwa na mama. Aliona chumba ambacho hakukijua, na kinu mlangoni, na mwanamke amelala, uso wake ukiwa uso wa Oliva, halafu wa Gaudensia, halafu, kwa kuwa hapakuwa na kioo nyumbani mwake, uso ambao hakuweza kujua ni wa nani.

"Ukanichagua mimi," akasema.

"Nikuchague wewe nakujua?" Tekla akasema. "Nilikuwa na jasho mpaka machoni. Kitabu nilikuwa nacho kichwani, chote nilichofundishwa, nikakipekua mbele nyuma, hakina neno. Nikasema, leo Mungu kaondoka, kaniachia mzigo. Nikainua macho, nikamwona mama yako ananitazama. Nikajiambia, labda kanyamaza ili nimsikie huyu. Nikamuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema, mtoe mtoto. Mara mbili. Nilimuuliza tena kwa sababu sikupenda jibu."

Yunisi akakaa na tonge mkononi likipoa. Akamuuliza kama Oliva naye aliulizwa. Mkunga akatafuna, ingawa mdomoni hapakuwa na kitu. Akasema Oliva ana watoto watatu wadogo, na mume wake ndiye huyo aliyemvunja vidole. Yunisi akaelewa kwamba aliulizwa.

"Mbona hukuwaambia wazee, bibi?"

"Niwaambie ili jiwe libadili njia limfuate Oliva? Mawe yamekwisha kuoshwa, mjukuu wangu. Yakishaoshwa lazima yampate mtu." Akafungua mdomo. "Hilo tonge unalilea au unanipa?"

*Alimuuliza. Mimi sijamuuliza mtu. Wananipa jiwe wananionyesha mtu, na katikati ya jiwe na mtu pana nafasi ya kuuliza, fupi, ya kuvuta pumzi moja, na pumzi hiyo nimeivuta kila mara kwa ajili ya kulenga. Kama kunyamaza ni kukubali, basi Kitabu kiliponyamaza kilimkubali Tekla pia. Kilimkubali mama yangu. Kilimkubali Oliva. Kwa nini kukubali kwake kunafika kwenye jiwe tu, kwingine hakufiki? Mungu akinyamaza, anamngoja nani aseme?*

Walipokuja kumchukua, Gaudensia ndiye aliyebeba kikapu cha mawe kichwani, maana kilikuwa chake. Alitembea amepanua miguu. Njiani alimnong'oneza Yunisi, bila kumtazama, kwamba wanamuua mkunga na yeye ana tumbo hili, na kwamba wanaume hawa wangekuwa wanazaa wao, Kitabu kingekuwa kimekwisha kuongezwa sura.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mtaa wa juu walisimama kulia kwa meza ya mninga, wa chini kushoto, na wengi walikuwa na vitambaa vyenye damu vichwani kutokana na jana, na baadhi yao walikuwa na mapanga ndani ya khanga za wake zao. Tekla walimkalisha juu ya kigoda chake mwenyewe, kile alichowakalishia wanawake wa mji wakati wa kusukuma. Hawakumfunga, mikono yake haikuwa ya kufungwa tena. Oliva alikuwapo, ameegemea ukuta, rangi yake kama jivu, na Ladislaus ameshika mkono wake juu ya kiwiko kwa nguvu mpaka vidole vyake vimezama.

Onesfori akakitembeza kidole mbele ya watu wote. Kikatoka pembeni. "Kitabu kimenyamaza," akasema, "na anayenyamaza amekubali."

Amina ikaitikiwa. Jiwe likawekwa mkononi mwa Yunisi. Lilikuwa bado na ubaridi wa maji.

Alilenga, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea. Na katika ile pumzi moja ya kulenga aliona juu ya kigoda si Tekla peke yake. Alimwona yule aliyecheka msibani, na mwenye mchungwa, na mkewe mwenye maji ya chungwa kidevuni, na waota ndoto wawili, wote wamekaa mahali pamoja bila kubanana. Mwisho kabisa, nyuma yao, amekaa msichana wa gauni jeupe lisilo na mfuko, bega moja limeshuka, anamtazama kwa subira kama mtu anayejua zamu yake.

Hakurusha.

Watu walidhani upepo umemwingia jichoni. Wakangoja. Onesfori akamsogelea, akamwambia kwa upole kwamba mlango ufunguke. Yunisi akageuka, akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa kuwa haikuzoea kutumika:

"Sina haki ya kurusha. Mimi nimeua."

Onesfori akasema hajaua, amefungua tu. Yunisi akasema amesikia. Shuka halizibi masikio. Amesikia kinu mpaka kinapoishiwa nafaka, kila mara, na neno la kutoua halimo katika weupe wa pembeni. Limo katikati ya ukurasa, kwenye maandishi, pale ambapo kidole chako, baba, hakijapachafua. Mmetafuta visivyoandikwa mpaka kilichoandikwa mmekisahau. Sasa mnipige basi mimi. Ila wa kwanza awe asiye na dhambi. Ni nani?

Mji ukanyamaza. Kimya kina mshindo, wahenga walisema, na kile kilishindilia masikio kama maji. Watu walisimama na mawe masafi mikononi wakitazamana, na kila mmoja alimjua jirani yake vizuri mno. Onesfori alirudi kwenye Kitabu, akaweka kidole, akakitembeza haraka, ukurasa baada ya ukurasa, na kidole kikatoka, kikatoka, kikatoka.

Aliyekivunja kimya alikuwa Ladislaus. Alimsukuma mkewe ukutani, akaokota jiwe kapuni, akarusha.

Lilimpata Yunisi juu ya taya. Hakuwa amepata kupigwa maishani mwake. Alisikia meno mawili yakihama, na mdomo ukajaa joto la chumvi, chumvi ya kwanza aliyoijua. Alipoanguka goti moja alisikia mtu wa mtaa wa juu akipiga kelele kwamba Ladislaus amerusha bila kuwa msafi, huyo ndiye wa kupigwa, na jiwe la pili likampata Ladislaus kisogoni. Aliyelirusha naye hakuwa msafi. La tatu likamrudia. Baada ya hapo hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Mawe yalitoka kila upande kama nyuki. Mwanamume aliyeng'atwa sikio alimpata yule aliyemng'ata, akampiga uso kwa jiwe bila kulirusha, amelishika tu, akipiga kama mtu anayeponda karanga. Mapanga yakatoka khangani. Onesfori aliinua Kitabu akinge uso. Jiwe likakipiga Kitabu, Kitabu kikampiga mdomo, akakaa chini akitema meno yake juu ya kurasa, na kwa mara ya kwanza maandishi yenyewe yakaingia doa.

Katikati ya hayo Gaudensia alianguka. Hakupigwa. Maji yalikuwa yameshuka miguuni mwake, yakafanya tope na vumbi la uwanja, naye akawa ameinama amekishika kikapu kitupu kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini.

"Chini ya meza," Tekla akasema. Alikuwa ameshuka kwenye kigoda, anatambaa kwa viwiko. "Mlete chini ya meza, wewe. Ndiyo, wewe. Una mikono."

Yunisi alimkamata Gaudensia kwapani, akamburuta, damu ikimdondoka kidevuni juu ya uso wa mwenzake, na Gaudensia, katikati ya uchungu, akamwambia asimdondoshee. Wakaingia wote watatu chini ya mninga. Mawe yakapiga juu yao kama mvua ya masika. Oliva akaja akitambaa kutoka ukutani, hakuitwa na mtu. Akavua khanga yake, akaitandika, akakaa nyuma ya Gaudensia, akamwegemeza kifuani mwake, akamshika mabega. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi hapo nje, kichwa chake kikiwa na umbo lisilo lake, naye alimtazama mara moja tu.

Tekla akamwambia Yunisi aoshe mikono. Hapakuwa na maji ila yale ya kusuuzia mawe, yaliyobaki kwenye ndoo kando ya mguu wa meza. Akaosha kwa hayo. Akaambiwa apapase juu ya tumbo, hapa, sasa hapa, bonyeza bila woga, huyo si kibuyu. Kichwa kiko wapi? Yunisi akapapasa. Upande wa kulia palikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Upande wa kushoto, kingine, laini zaidi. Katikati, chini, mahali pa kichwa, hapakuwa na kitu.

Aliinua macho. Tekla alikuwa ameona tayari usoni mwake. Oliva naye aliona, akafumba macho, mikono yake ikakaza kwenye mabega ya mwenzake.

Nje mawe yalikuwa yamepungua. Yakawa moja moja. Halafu hapakuwa na sauti ila ya watu wanaopumua kwa midomo. Miguu ikasogea pande zote za meza, miguu yenye vumbi na damu, ya mtaa wa juu na ya mtaa wa chini, na nyuso zikainama, moja baada ya nyingine, zikachungulia chini. Kila uso ulikuwa na jiwe kando yake. Hawakurusha. Walikuwa wanangoja waone atakayetoka hai, ili wajue wakasirikie nini. Mmoja wao alikuwa Onesfori, mdomo mwekundu, Kitabu kifuani, na kidole ndani yake.

"Bibi," Yunisi akanong'ona, "nifanye nini?"

"Mimi sina mikono," Tekla akasema. "Nitakuonyesha namna ya kumgeuza. Mara nyingine hugeuka, mara nyingine hakubali. Hilo lingine usiniulize mimi."

Yunisi akamwinamia Gaudensia. Waliyajua mawe pamoja, majivu pamoja, vibuyu pamoja, na katika miaka yote hiyo, kama ilikuwa miaka, hakuwa amepata kumuuliza jambo lolote. Akaweka mdomo wake uliopasuka kwenye sikio lake, wasisikie wale wanaochungulia, akamuuliza.

Gaudensia alifumbua macho. Alimtazama kama alivyomtazama kila asubuhi akija na jivu la kumsugua ulimi.

"Wote wawili," akasema huku ameuma meno. "Anza na wote wawili. Ukishindwa, uniulize tena."

Yunisi akauingiza mkono wake wa kulia, ule mnene, pale Tekla alipomwonyesha kwa kidevu. Ndani, kutoka gizani, kitu kidogo kama kijiko kikapapasa, kikakishika kidole chake.